Letisi inanyauka na mizizi imo majini: habari ya joto la maji ya mizizi

Saa nane mchana, ndani ya chumba cha hidroponiki, yaani kilimo cha mimea kwenye maji yenye virutubisho bila udongo, pale Kigamboni (Dar es Salaam) au Kisauni (Mombasa), feni inazunguka, taa zinawaka, maji yanapita kwenye mabomba, lakini letisi imelala kama kitambaa kilicholowa. Mkulima akiona hivyo, mkono wake wa kwanza huenda kwenye chupa ya virutubisho. Anaongeza kipimo. Siku ya pili mmea umelala zaidi, kwa sababu chumvi zikizidi kwenye maji mizizi hupata taabu kuyanyonya. Anaongeza tena, au anabadilisha pH (kipimo cha uasidi wa maji), au analaumu mbegu.

Kitu ambacho hakukipima ni joto la maji yenyewe. Akitia kipimajoto kwenye pipa atakuta nyuzi 31, pengine 33. Hapo mmea unakufa kiu miguu ikiwa majini, na hakuna kirutubisho cha kuutibu.

Mizizi inapumua. Inatumia oksijeni kupata nguvu ya kuvuta chumvi na kuendesha njia za maji zilizo kwenye ngozi ya seli zake. Oksijeni hiyo inaipata kwenye maji, na maji ya moto hubeba kidogo. Usawa wa bahari, maji safi ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 25 hubeba 8.3, na kwa nyuzi 30 hubeba 7.6 tu. Ukitazama tarakimu hizo peke yake utasema tofauti si kubwa, na ni kweli. Balaa iko upande wa matumizi: kwa kila nyuzi kumi zinazoongezeka, upumuaji wa mizizi huelekea kuongezeka mara mbili, na bakteria waliomo kwenye maji nao wanakula oksijeni ileile. Ghala linapungua huku walaji wakiongezeka. Pipa la nyuzi 31 lenye mawe mawili dhaifu ya hewa (yale ya vitobo yanayotoa mapovu) linaweza kushuka chini ya miligramu 4 bila maji kubadilika rangi wala harufu.

Wa Nairobi wasicheke. Mji upo takriban mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo maji ya nyuzi 20 pale hubeba kama miligramu 7.4 za oksijeni, karibu sawa na maji ya nyuzi 30 ya Mombasa. Wanachookolewa nacho ni kwamba mizizi ya nyuzi 20 haihitaji mengi. Lakini tangi jeusi lililowekwa juu ya paa la Embakasi, likapigwa jua hadi nyuzi 28, lina oksijeni kidogo kuliko pipa la moto la pwani.

Baada ya oksijeni kupungua ndipo anapoingia mgeni mbaya, Pithiamu, kijidudu kinachoozesha mizizi. Wengi humwita kuvu ingawa kibaiolojia yuko ukoo mwingine. Ana vijimbegu vinavyoogelea, kwa hiyo kwenye mfumo unaozungusha maji mmea mmoja unatosha kuambukiza yote. Aina inayopenda joto, Pythium aphanidermatum, hustawi zaidi maji yakiwa nyuzi 30 na kitu, wakati huohuo mizizi ya letisi ikiwa haina nguvu ya kujitetea. Ndiyo maana ugonjwa huu mara nyingi huonekana kama umetokea ghafla wiki ya joto kali, ingawa vijidudu vilikuwemo siku zote.

Kuutambua hakuhitaji maabara. Ng'oa mmea mmoja, shika mzizi mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha vuta taratibu kuelekea ncha. Mzizi mzima unakataa. Mzizi ulioshambuliwa unavua ngozi yake kama soksi, na mkononi unabaki uzi mwembamba mweupe. Ukinusa utapata harufu ya maji ya maua yaliyokaa kwenye chupa wiki nzima. Usichanganye na mizizi ya rangi ya chai lakini migumu, isiyo na ute: hiyo mara nyingi imepakwa rangi na chuma cha virutubisho au kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi), na haina ubaya. Ishara nyingine nzuri ni ya alfajiri. Letisi yenye mizizi yenye afya, taa zikiwa zimezimwa na hewa ikiwa na unyevu, hutoa vitone vya maji kwenye kingo za majani. Kundi lililokuwa likitoa vitone likiacha kwa siku mbili tatu, kaguo la mizizi lisingoje majani yanyauke.

Sasa kupima. Kipimajoto cha ukutani hakina kazi hapa. Nunua kihisi cha waya kisichoingia maji, kile cha DS18B20 kinatosha kabisa. Kosa lake halizidi nusu nyuzi kwa viwango vyetu. Kihakiki kwanza: jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, kisome baada ya dakika tano. Kinapaswa kusema sifuri. Kisha pima mahali pawili, kwenye pipa na mwisho wa bomba pale maji yanapotoka, saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri. Watu hupima pipa tu, lakini mizizi haiko kwenye pipa. Bomba linalopokea wati 140 za joto kutoka kwenye taa na hewa, likipitisha lita moja kwa dakika, hupandisha maji nyuzi 2 kabla hayajafika mwisho. Ukipitisha lita mbili kwa dakika, nyuzi hizo zinakuwa moja. Ndiyo maana mimea ya mwisho wa mstari hufa kwanza, na ndiyo maana kuongeza mtiririko ni dawa rahisi ya kujaribu kabla ya kununua chochote.

Kabla ya kupoza, acha kupasha

Hili ndilo ambalo wauza mashine hawasemi. Sehemu kubwa ya joto la mizizi huingizwa na mkulima mwenyewe.

Anza na pampu ya kuzamisha. Pampu ya wati 60 inayokaa ndani ya maji saa 24 inatumia uniti 1.44 za umeme kwa siku, na karibu zote huishia kuwa joto ndani ya maji yaleyale. Kwa pipa la lita 200 ambalo halipotezi joto popote, hizo ni nyuzi 6 kwa siku. Ukitumia pampu ya wati 20 inayotosha kazi, au pampu inayokaa nje ya maji, umepata upoozaji wa bure. Pampu kubwa kuliko haja, iliyobanwa na koki ili mtiririko upungue, ni jiko la umeme lililojificha.

Halafu rangi. Bomba la kijivu au jeusi chini ya taa hunyonya mwanga. Lipake rangi nyeupe, lakini kama ni plastiki inayopitisha mwanga weka kwanza rangi nyeusi chini yake, la sivyo mwani utaota ndani. Pipa livishwe povu gumu jeupe, lile la maboksi ya samaki, unene wa sentimita 3 au zaidi, hadi kwenye kifuniko. Mashimo ya vikombe yasiyo na mmea yazibwe. Pampu ya hewa isinyonye hewa kutoka juu ya taa. Irefushie mrija ivute hewa ya sakafuni au ya chumba cha pili. Kwa pipa la lita 100, pampu ya hewa ya lita 15 hadi 20 kwa dakika ni kiasi cha kuanzia, na mawe ya vitobo vidogo yakae chini kabisa.

Taa za LED zenyewe hazina muujiza. Umeme karibu wote unaoingia kwenye taa huishia kuwa joto chumbani, hata ule uliopita kwanza kuwa mwanga. Kwa hiyo badilisha saa. Letisi haijui mchana wa nje. Ndani ya chumba kilichozibwa mwanga, washa taa saa kumi na mbili jioni na uzizime saa nne asubuhi. Ni saa 16 za mwanga, na chumba kinapumzika wakati bati linachemka. Bili ya umeme haipandi hata senti.

Hesabu ya barafu na ya mashine

Tuseme umefanya yote hayo na pipa la lita 200 bado linasoma nyuzi 30, nawe unataka 24. Kila lita inahitaji kilojuli 4.19 kuondolewa ili ishuke nyuzi moja, kwa hiyo kazi yote ni kilojuli kama 5,000, sawa na uniti 1.4 za joto. Kilo moja ya barafu iliyotoka kwenye friza ya nyuzi 15 chini ya sifuri, hadi iyeyuke na kufika nyuzi 24, hunyonya kilojuli kama 465. Chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji lita 1.4 (acha nafasi, barafu hutanuka) hunyonya kama 650. Jibu ni chupa nane. Rudi sasa kwenye ile pampu ya wati 60: joto inaloingiza kwa siku moja ni karibu sawasawa na chupa hizo nane. Unagandisha chupa nane kila siku kufuta kosa la pampu.

Chupa za barafu zinafaa kwa pipa moja, kwa wiki ya joto kali, au umeme wa mashine ukiwa hautabiriki. Usitupe barafu yenyewe kwenye pipa, itazimua virutubisho. Na usiweke chupa nane pamoja. Mbili kila saa, pipa likishuka si zaidi ya nyuzi 2 kwa saa. Mizizi iliyokuwa kwenye nyuzi 31 ikipigwa ghafla na maji ya 18, uwezo wake wa kupitisha maji unaporomoka, na majani yaliyo chini ya taa yanalala palepale. Mrehani na matango ni wepesi zaidi kuumia kuliko letisi.

Mashine ya kupozea maji, wengi wanaiita chila, usiinunue kwa nguvu farasi iliyoandikwa kwenye boksi. Uliza inaondoa wati ngapi za joto. Mahitaji yako unayapata hivi: poza pipa kwa barafu hadi 24, toa chupa zote, acha mfumo mzima ufanye kazi wakati wa joto kuu la siku, kisha andika maji yamepanda nyuzi ngapi kwa saa moja. Zidisha lita kwa nyuzi zilizopanda, kisha zidisha kwa 1.16. Lita 200 zilizopanda nyuzi 1.5 ni wati 350 hivi. Ongeza theluthi moja au nusu kwa ajili ya uchakavu na siku mbaya: tafuta mashine ya wati 465 hadi 525 za upoozaji. Na iwekwe nje ya chumba. Chila haifuti joto, inalihamisha; ikitemea upepo wake wa moto kwenye chumba hichohicho, pamoja na joto la mota yake, chumba kitapanda na maji yatapashwa upya.

Ujanja unaorudiwa sana mitandaoni ni wa kupitisha mrija ndani ya friji kuukuu. Haufanyi kazi kwa zaidi ya lita chache. Friji ya nyumbani imeundwa kutunza chakula ambacho tayari ni baridi, na uwezo wake wa kuondoa joto mfululizo ni mdogo. Hutazipata wati 350 kwake, na kompresa itakuwa inaunguruma usiku kucha hadi iungue. Kibaya zaidi ni wale wanaotumia koili ya shaba kwa sababu shaba inapitisha joto vizuri. Maji ya virutubisho yana asidi kidogo, yanailamba shaba, na shaba ikizidi ni sumu kwa mizizi: inakuwa mifupi, minene na myeusi nchani. Mabati nayo hutoa zinki vivyo hivyo. Tumia chuma cha pua, titani, au mrija mrefu wa plastiki.

Mtungi unajua kitu

Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungi anajua upoozaji wa mvuke. Maji yanapenya udongo, yanakauka nje, yanachukua joto. Mfumo wa feni na pedi ya maji hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, na una mpaka uleule: hauwezi kushusha joto chini ya kile ambacho kipimajoto kilichofungwa kitambaa kibichi kinasoma. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 35, kitambaa hicho kitasoma kama 19. Dar es Salaam, nyuzi 31 na unyevu asilimia 75, kitasoma kama 27. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma anaweza kupoza maji yake karibu bure kwa kuyamwaga kama mvua ndogo mbele ya feni usiku, ilhali wa Dar akinunua pedi ananunua unyevu tu.

Kufukia pipa ardhini kuna mantiki inayofanana. Kina cha mita moja, kivulini, udongo hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima la mahali hapo. Nyanda za juu za kati za Kenya hilo ni zuri mno. Pwani utapata 26 au 27, ambayo si tiba lakini ni bora kuliko 32.

Je, 24 inatosha kweli wakati hewa ya chumba ni 30? Kwa letisi, ndiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walichapisha mwaka 1998 majaribio ya letisi inayoelea juu ya maji, na maji ya nyuzi 24 yaliwapa vichwa vinavyouzika hata hewa ilipokuwa nyuzi 31. Singapore walitangulia kuthubutu zaidi: mizizi inaning'inia hewani, inanyunyiziwa maji yaliyopozwa hadi karibu nyuzi 20, na majani yanabaki kwenye joto la kitropiki. Ndiyo sababu naona ni upotevu kufunga kiyoyozi kikubwa kwa chumba kizima kabla ya kugusa pipa. Ukiweza kupoza kimoja tu, poza maji.

Usishuke mno, lakini. Pwani, hewa ya nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Bomba la nyuzi 20 lisilovishwa litatoa jasho kutwa, na kila lita ya jasho inayojikusanya juu yake inaacha zaidi ya kilojuli 2,400 za joto, yaani kazi ya kilo tano za barafu imepotea, pamoja na sakafu yenye utelezi na ukungu ukutani. Lenga 22 hadi 24 kwa letisi, vika mabomba yote ya baridi, pamoja na yale yanayorudi.

Upande wa pili wa kipimajoto

Limuru, Njombe, Mafinga, kati ya Juni na Agosti, tatizo linageuka. Maji ya alfajiri yanasoma 13. Nyanya inapata rangi ya zambarau chini ya majani kwa sababu mizizi baridi inashindwa kunyonya fosforasi hata kama ipo tele. Hapa pia mkulima huongeza mbolea bure. Hita ya tangi la samaki ya wati 100 hupandisha lita 100 kwa chini kidogo ya nyuzi moja kwa saa kama pipa limevishwa. Iweke kwenye 20, ibaki imezama muda wote, na mzunguko wake upite kwenye swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja. Povu lilelile linalozuia joto pwani linalitunza huku.

Mimea ikiwa tayari imeumia kwa joto, mwaga maji yote, usijaribu kuyarekebisha. Toa mimea iliyooza mizizi na usiionee huruma. Jaza upya kwa EC (kipimo cha wingi wa chumvi za virutubisho kwenye maji) ya 1.0 hadi 1.2 badala ya 1.6, pH 5.8 hadi 6.0, punguza mwanga kwa theluthi kwa siku tatu nne. Angalia pia kama kipima EC chako kinajirekebisha kwa joto. Kisichojirekebisha hupandisha usomaji kwa kama asilimia 2 kwa kila nyuzi juu ya 25, kwa hiyo kwenye 32 kinaweza kukuambia 1.6 wakati ukweli ni 1.4. Kati ya mavuno na mavuno, osha mfumo mtupu kwa dawa ya klorini ya kufulia: ile ya asilimia 3.5, mililita 6 kwa lita ya maji, izunguke nusu saa, kisha suuza mara mbili. Wanaotumia Trichoderma au Bacillus, vijidudu rafiki wa mizizi, waviweke baada ya kusuuza, kwa maana klorini haichagui rafiki.

Jambo moja halitaponywa na maji baridi: ncha za majani machanga ya ndani kuungua na kuwa kahawia. Hiyo ni kalisi kutofika, kwa sababu husafiri na maji yanayotoka jasho kwenye majani, na jani lililojificha katikati ya kichwa halitoi jasho. Dawa yake ni feni ndogo inayopuliza kutoka juu kuelekea moyo wa mmea.

Umeme ukikatika saa nane mchana, mabomba yenye utando mwembamba wa maji yanakupa muda mfupi sana, pengine chini ya saa moja, kabla mizizi haijaanza kukauka na kuiva. Pipa la kina kirefu linakupa saa kadhaa. Kwa mahali ambapo umeme hukatika kila wiki, mfumo wa utando ni kiburi. Tumia pipa au beseni, na pampu ya hewa ya betri.

Na mwisho kuna suala la zao lenyewe. Spinachi ya kweli ni mboga ya baridi, maji yake yakipita 22 Pithiamu huila kabla hujala wewe. Ile tunayoiita spinachi sokoni ni mboga nyingine, ya jamii ya viazisukari, na ni shupavu zaidi. Mchicha hufurahia maji ambayo letisi huyafia. Matembele huota mizizi kwenye chupa ya maji dirishani, bila chila, bila kipimajoto, na nyuzi 30 ni hali yake ya kawaida.